Dawa Haishukuriwi

Harufu ya majani ya mkwaju yakichemka pamoja na mizizi ndiyo iliyotuamsha asubuhi nyumbani kwetu Mkolani, katika ile miaka ya tisini ambapo maduka ya dawa ya watu binafsi yalianza kuchipuka kando ya barabara. Ilikuwa harufu nzito, yenye uchungu uliokaa kooni hata kabla hujaonja. Dada yangu Tabitha, aliyenizidi miaka minne, alikuwa na ugonjwa ambao leo tunauita siko seli. Sisi tuliuita ugonjwa wa mifupa, kwa kuwa ulimshika magotini na mgongoni mpaka akang'ata kanga ili majirani wasimsikie. Hospitalini walimpa vidonge vya kutuliza maumivu, wakasema ataishi na ugonjwa huo. Mama hakuwabishia wala hakuacha kumpeleka. Ila pia alipanda kivuko pale Kigongo, akavuka hadi Busisi kwa shangazi yake aliyejua mizizi, akarudi jioni na kifurushi kichwani na jibu lile lile: dawa hii haina haraka, acheni mvua zipite, mtoto atapata nguvu.

Basi tukasubiri mvua zipite. Mama alichovya kitambaa katika maji ya moto ya dawa, akakikamua kwa vidole vilivyokwisha kuzoea kuungua, akakikandamiza kwenye viungo vya Tabitha huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Kisha kikafuata kikombe. "Mama, hii hata mbuzi wa Mama Kulwa ataikataa," Tabitha alilalamika. "Mbuzi wa Mama Kulwa amekula sabuni yangu juzi," Mama akajibu. "Kunywa, mayu." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na kwetu hata binti huitwa hivyo akipendwa. Zilikuwapo wiki njema, Tabitha akachota maji na kucheza rede na wenzake, na Mama alimtazama kutoka mlangoni kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala.

Katika ukoo wa Mama dawa haishukuriwi. Unapokea kikombe, unakunywa, unakirudisha kimya. Ukisema "wabeja", yaani asante, ni kama umeiambia dawa kwamba kazi yake imekwisha, iende zake. Mama aliimba kwaya, alifunga na kuomba, na kila mlo wetu ulianza kwa shukrani. Lakini kwa jambo hilo moja alibaki binti wa kwao.

Mvua za masika zilikuja na baridi, na maumivu yakarudi kwa ukali ambao hatukuwahi kuuona. Macho ya Tabitha yakawa ya manjano. Asubuhi moja, Mama akijiandaa kumpeleka hospitali, Tabitha alikunywa kikombe chote bila kukunja uso. Akakirudisha kwa mikono miwili, akasema taratibu, "Wabeja, mayu."

Mama alishtuka. "Tabitha! Unaiharibu dawa! Mtoto gani wewe usiyesikia?" Tabitha alitabasamu tu. Walitoka wote wawili, Mama amembeba mgongoni. Jioni Mama alirudi peke yake, kanga ya kumbebea ameifunga kiunoni. Msibani, watu walipomfariji kwa maneno ya Biblia, aliitikia amina kwa yote, kisha akanong'ona, "Angenyamaza tu."

Sasa mimi ni mzee wa kanisa. Pale Kigongo watu wanapita juu ya daraja, na watoto wenye ugonjwa ule wana kliniki yao na dawa ya kila siku. Wengine nimewaona wakifunga ndoa, nami namshukuru Mungu kwa kila mmoja wao. Mwaka jana nilikuwa nachambua mchele na Mama, amekwisha kuzeeka, akauliza ghafla, "Hivi Tabitha alijua kwamba dawa haishukuriwi?" Nikamwambia alijua vizuri. Utotoni, nilipopewa dawa ya kikohozi nikasema asante, ni yeye aliyenifinya: "We! Unataka kukohoa mpaka siku ya harusi yako?"

Mama alicheka, mabega yakitikisika, mpaka nikaona si kicheko tena.

"Basi alikuwa ananiaga," alisema. "Nami nikamgombeza."