Elinipendo Agawa Mtandao wa Loji

Mtandao wa kompyuta wa loji yao ya Marangu aliufunga Elinipendo mwenyewe, mwaka aliomaliza chuo. Baba alimshikilia ngazi siku nzima, akimwambia kila mpagazi aliyepita kwamba fundi ni binti yake.

Baba alipofariki, kaka zake wawili, Wilson na Jesse, wakaanza kugombania wageni wa mlima. Kila mmoja alidai mwenzake anachungulia mafaili yake na kuwawahi wageni. Mwishowe wakamwita dada yao kutoka Moshi mjini: mtandao ugawanywe.

"Utavuta nyaya nyingine?" Wilson aliuliza.

"Hapana, kaka. Swichi inayounganisha kompyuta ni hii hii, naipanga tu upya. Matundu haya kundi lako, yale kundi la kaka Jesse. Mafundi tunaita VLAN. Mashine za makundi mawili hazionani hata zikikaa meza moja, mpaka ruta iruhusiwe kuzipitisha."

"Usiiruhusu," alisema Jesse. Wilson akatikisa kichwa kukubali. Hilo tu ndilo walilopatana.

Mama yao alikuwa amekata jani la sale mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo. Kwa Wachagga, aliyeletewa sale hakatai suluhu. Wilson alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka kaunta kando ya chaja.

"Mama, haya si mambo ya sale," alisema taratibu.

Mama akamgeukia binti. "Usifanye, mwanangu."

"Nisipofanya mimi, mama, watamwita mwingine."

Akafanya. Kazi ilikuwa fupi, nayo ilikwenda sawa kabisa.

Kompyuta ya jikoni iliangukia kundi la Jesse, hivyo oda za chakula za wageni wa Wilson hazikumfikia mpishi. Ilitakiwa mtu atembee kuzipeleka, na hakuna aliyekubali kutembea. Wageni walilala njaa, wakaandika mabaya, mawakala wakahamia kwingine. Elinipendo aliwasihi kaka zake wamruhusu afungue njia kwenye ruta, japo ya jiko tu. Kila mmoja alimjibu aanze na mwenzake. Mvua za masika zilikuta vyumba vimefungwa.

Krismasi, watu wote wakipanda mlimani kurudi nyumbani, Wilson alifika asubuhi, akala mtori, akaondoka. Jesse alisubiri barabarani hadi gari la kaka yake lipite. Mama akapasha mtori upya. Elinipendo alikaa mezani mara zote mbili, na mara zote mbili hakuna aliyemuuliza habari za mwenzake.