Mama Josée wa Mulongwe na Unono wa Njaa

Alizaliwa Lemera, juu milimani, mwaka 1958. Mama yake alifariki mapema, akalelewa na shangazi mwenye mdomo mkali na chungu kisichokosa kitu. Ndoa ilimshusha Uvira. Alipofiwa na mume bila kupata mtoto, padri alimwita awe katekista wa Mulongwe, mtaa wa mji huo, naye akaitika, ingawa wapo waliocheka kwamba tasa anafundisha watoto wa wenzake.

Mwaka wa mafuriko, mto ulimchukua mume wa Riziki, mama kijana wa shirika la Josée, ile jumuiya ndogo ya waumini wa mtaa. Mjane huyo alilala akiutazama ukuta, na binti yake Noella, wa miaka mitatu, akabaki na bukari kavu, ugali mtupu usio na mboga, siku ambazo mama alikumbuka kuisonga. Majirani waliona mashavu ya mtoto yakijaa, wakamshukuru Mungu. "Mutoto iko ananenepa, tena iko na adabu, halii hata kidogo," walisema. Kwetu mtoto mnono ni sifa ya nyumba, na nyumba yenye matanga hakuna anayeichungulia sufuria.

Josée alikwenda na wanashirika kusali na mjane. Alipompakata Noella aliona nywele zimegeuka nyekundu, akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba, na shimo likabaki. Sala ikakatika.

"Huyu hakunenepa," alisema. "Iko anavimba juu ya njaa."

Basile, mkubwa wa shirika, alitaka mama anyang'anywe mtoto na kufukuzwa shirikani. Josée alimkatalia mbele ya wote, akamgeukia mjane: "Riziki, mwanangu, minye sikukuya kukuhukumu. Simama. Weye na mutoto tunaenda ku hopitali, kisha munakuya kukaa kwangu."

Basile akanuna. Wengine walisema katekista anafunua siri za nyumba za watu. Josée aliyavumilia maneno hayo. Maziwa ya hospitali yalipoanza kufanya kazi, uvimbe ulishuka, mtoto akaonekana mwembamba, na wageni wakashtuka. Josée alicheka: "Sasa ndiyo anapona!" Asubuhi moja Noella alilia akidai chakula, mtaa mzima ukasikia. Riziki alitoka jikoni mbio na sahani, naye akilia. Jamani, ilikuwa furaha!

"Muache alie," Josée aliwaambia majirani. "Anajua kuko mutu wa kumusikia."

Alifariki mwaka 2023 kwa homa. Wapo wanaosimulia watoto waliopona baada ya maombi kaburini kwake. Kanisa halijasema neno, wala sisi hatuliharakishi. Muujiza tunaoujua unasoma shule Kasenga na una kelele nyingi. Na leo, penye matanga Mulongwe, Riziki huingia na kusalimu. Kabla ya kuketi, huomba apewe mtoto wa nyumba ampakate, amtazame nywele na miguu. Anayempenda Mama Josée na afanye hivyo.