Fundi Aliyepima Watu Bila Kitambaa

Fundi amefariki. Habari nilizipata Jumanne asubuhi kutoka kwa kondakta wa basi la Shinyanga, aliyenikabidhi karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa penseli: "Fundi wa barazani ametutoka. Mkewe anasema uambiwe." Nilisimama pale stendi ya Mwanza, abiria wakinipita na vikapu vyao, nikaisoma mara tatu kana kwamba maneno yangebadilika. Ninyi wasomaji wangu wa siku zote hammjui mtu huyu, kwa kuwa sijawahi kumtaja katika safu hii. Hakuwa kiongozi wala tajiri. Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Ngokolo, aliyekaa kwenye baraza ya duka moja la nguo mjini Shinyanga, na katika miaka ile ya shida alifanya kazi ambayo sisi tuliojiona na akili timamu tuliihesabu kuwa wazimu. Alipima watu nguo wakati nchi nzima haikuwa na kitambaa. Katika waliomcheka, mimi nilikuwa wa kwanza.

Nilipanda treni ya kwenda Shinyanga siku hiyo hiyo. Treni ile ina mwendo wa kumfanya mtu asinzie bila kulala, na katika usingizi huo nusu niliiona tena baraza ya Fundi, na kamba zake zikipepea taratibu, moja moja, kila kamba na mtu wake. Nikaona na mji wetu ulivyokuwa. Vita vilikuwa vimekwisha, tukaambiwa tufunge mikanda, na wengine wetu mikanda yenyewe hatukuwa nayo. Foleni ya sukari ilipangwa kwa mawe. Unaweka jiwe lako alfajiri, unakwenda zako kazini, ukirudi unalikuta jiwe limesogea mbele pamoja na mawe ya jirani zako, likikungojea. Halafu mvua nazo zikatukimbia. Tukala unga wa njano wa msaada, na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, hadi watoto wakawa wanauliza kama chakula kingine kiliwahi kuwapo duniani.

Nami wakati huo nilikuwa karani katika kiwanda cha kuchambulia pamba. Kila siku niliona marobota yakipakiwa kwenye mabehewa, meupe na mazito, yakaenda zake, na treni ikirudi hairudi na hata upindo wa khanga. Mkoa mzima ulilima pamba na mkoa mzima ulivaa viraka. Mtu akikaa dirishani akaona hivyo mwaka baada ya mwaka, matumaini humtoka polepole bila yeye kujua, na mwisho hujiita mtu mwenye kuona mambo yalivyo. Ndivyo nilivyojiita, na nilijivunia sana.

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa pale pale mjini, ambaye Kisukuma chake kilinishinda mimi Msukuma. Rafu zake zilibaki na chumvi, viberiti na vumbi, lakini alifungua kila asubuhi na kufagia. Fundi aliishi kwa kutia viraka na kugeuza kola za mashati, ule upande uliochakaa ukienda ndani na ule mzima ukitoka nje. Futi yake ya kupimia ilikuwa imefutika namba zote, na ya kununua haikuwapo. Basi mkewe akawa anasokota pamba pajani, anatengeneza kamba nyembamba, na Fundi akazitumia kupimia. Kila mtu alikuwa na kamba yake: fundo la bega, fundo la kifua, la kiuno, na la mwisho la urefu wa nguo. Mwishoni alifunga alama ya kumtambulisha mwenyewe, kifungo au unyoya wa kuku. Kisha aliitundika kwenye misumari ambayo zamani mzee wa duka alitundikia khanga za mitindo mipya.

"Mwangaluka, karani," alinisalimu kwa Kisukuma asubuhi moja nilipokuwa nakwenda kazini. "Simama nikupime."

"Unipime nini, Fundi? Kitambaa kiko wapi?"

"Kitakuja. Siku kikija patakuwa na foleni hapa, nawe utakuwa nyuma unanilaumu."

"Unapima upepo, ndugu yangu."

"Upepo hauna mabega," alisema, na tayari alikwisha kunizungushia kamba kifuani.

Akaifungia kipande cha penseli mwishoni, na hiyo ikawa kamba yangu. Wasomaji, ninyi hamkuona jinsi watu walivyopenda kwenda pale. Mtu alifika amechoka na foleni, akanyoosha mikono apimwe, akaanza kueleza anavyotaka. Nimewahi kumkuta mzee mzima akibishana na Fundi, kwa hasira za kweli, juu ya upana wa miguu ya suruali ambayo haikuwapo. Mama yangu mzazi alipokuja kutoka kwetu kijijini, Mhunze, kung'olewa jino, naye alipimwa, shavu likiwa bado limevimba. Alitaka gauni lenye mikono ya kufika kwenye viwiko na mifuko miwili, mmoja wa ugoro na mmoja wa leso. Wakati ule ukame ulikuwa ndiyo kwanza unaanza, na mama alikuwa mnene, mnene wa kujivunia. Fundi akafunga mbegu ya ukwaju kwenye kamba yake, na mama akaondoka anacheka. Mimi nilikasirika. Niliona mtu anawauzia watu ndoto, ingawa kwa haki ya Mungu hakumtoza mtu hata senti.

Lakini viraka havikutosha kulisha nyumba. Ikafika siku sufuria ya Fundi haikupanda jikoni, na mkewe akaja kwangu mwenyewe. Hakuniomba chakula. Aliniomba nizungumze na mumewe, kwa sababu mashine ile ndiyo mali pekee waliyokuwa nayo, na ikiendelea kukaa barazani bila kitambaa watakufa wakiitazama. Nilifurahi, nakiri, kuombwa kusema nilichokuwa nikitaka kusema. Nikamtafutia mnunuzi, mchimbaji wa dhahabu wa Geita aliyekuwa amekuja mjini na fedha za kuonekana. Nikamwambia Fundi wazi: "Uza cherehani, nenda machimbo kama wenzako. Huku hakuna kinachokuja." Mkewe aliifunga mashine kwa khanga yake kuukuu kama mama anayemvisha mtoto wa kupelekwa kwa ndugu, ikapakiwa juu ya basi, na Fundi akaenda kuikabidhi huko huko Geita. Kamba zilibaki barazani. Nilipita pale kila siku na sikupenda kuziangalia.

Wiki ya tatu nilimkuta amekaa mahali pake, mashine mbele yake, mguu kwenye pedali.

"Umerudi nayo?"

"Nimerudi nayo. Yule bwana hakutaka cherehani, alitaka gurudumu la chini tu, alifunge juu ya duara, lile shimo lake la dhahabu, lavute ndoo za mawe. Kichwa cha mashine angemwachia nani?"

"Na machimbo je?"

Alicheka kidogo. "Karani, kule kuna watu wenye matumaini mpaka mimi nikaona haya. Kila mmoja ana hakika kwamba kesho asubuhi duara lake litatoa. Nikawaambia, njooni niwapime basi. Hakuna aliyekubali. Anakwambia nikipata nitanunua nguo mpya, na hii ya leo nitaitupa. Mtu anayengoja kesho asubuhi hana haja na fundi wa mwakani."

Nilimwuliza sasa mkewe na watoto watakula nini. Akasema mzee wa duka amempa kilo mbili za chumvi, ataipeleka vijijini abadilishe kwa michembe. Ndivyo walivyoishi, chumvi kwa michembe, kiraka kwa yai, na sijui kwa nini sikuweza tena kumcheka. Nilikuwa bado naamini amekosea. Ila nilianza kupita barazani nikirudi kazini, nakaa kwenye gogo lake, nazitazama zile kamba zikicheza na upepo, na kwa muda mfupi mji wetu wote ulikuwa pale umetundikwa, umeshiba na una mabega mapana.

Ni kweli, kitambaa hakikuja. Hapo mimi nilikuwa sahihi. Kilichokuja, milango ya biashara ilipolegezwa, ni marobota ya mitumba, nguo za kafa Ulaya, makoti ya watu wa nchi za baridi na magauni yanayoweza kuvaliwa na dada watatu kwa pamoja. Wengi walisema mafundi sasa wamekwisha. Lakini nguo zile hazikumkaa mtu yeyote, na barazani kukawa na foleni kama Fundi alivyosema. Nami nilikuwa nyuma. Nilikuwa nimemnunulia mama gauni zito la rangi ya zambarau, na Fundi alitabasamu alipoliona, akaenda kwenye msumari, akaishusha ile kamba yenye mbegu ya ukwaju. Alikata na kushona bila kumwita mama, kwa kuwa vipimo vyake alikuwa navyo miaka yote hiyo. Akaweka na mifuko miwili.

Nililipeleka Mhunze Jumapili. Mama akaingia ndani kulivaa, akakawia. Alipotoka, gauni lilikuwa limeshuka bega moja, na kiunoni angeweza kuingia mtu mwingine. Njaa ilikuwa imempunguza kidogo kidogo, nami nilimwona kila mwezi na sikuona. Alijitazama, akakusanya kitambaa kile kwa mikono yote miwili mbele ya tumbo, akaniuliza bila kununa: "Mwanangu, huyu mama wa kwenye gauni ni nani?"

Nililia kule nyuma ya ghala, ninyi mnisamehe kwa kuyasema haya hadharani. Niliporudi nilimweleza Fundi, na nilimweleza kwa ukali, kwa sababu nilitaka mtu wa kumlaumu. Akafunika mashine mchana kweupe, watu wakiwa kwenye foleni, akasimama na kushusha kamba zote kwenye misumari. Kesho yake aliazima baiskeli ya mzee wa duka, na siku kadhaa zilizofuata alikwenda nyumba kwa nyumba akiwapima watu upya. Mhunze tulikwenda wote.

"Mayu, shikamoo," Fundi alimwamkia, yaani mama kwa Kisukuma.

"Marahaba, Fundi."

"Nisamehe, Mayu. Nilikungoja ukiwa na shibe, na wewe ulikuwa unapita kwenye njaa."

"Ulinipima vizuri," mama akasema. "Ni mimi nimehama."

Alimpima palepale uani, kwa kamba ile ile. Nilidhani atafungua mafundo ya zamani. Hakufanya hivyo. Alifunga mapya kando yake, yakawa mawili mawili, la shibe na la njaa, na kati yake nafasi ya vidole vitatu. Kisha akalipunguza lile gauni, na nilipompa mkasi akate kilichozidi, akautia mfukoni. Alikunja kitambaa chote cha ziada kwa ndani, akakibana kwa mishono mipana inayofumuka kirahisi. "Usikate," aliniambia. "Nje limkae alivyo leo. Ndani tumwachie nafasi ya kurudi." Mvua zilipotengemaa alilifumua mara mbili. Mama bado analo, na siku hizi linambana.

Tangu siku hiyo nimesikiliza hotuba nyingi juu ya uchumi wa mkoa wetu. Kuna wanaosema mambo yatakuwa mazuri tu, na hao huwashonea watu wa leo nguo za vipimo vya zamani. Kuna wanaosema hakuna kitu tena, kama nilivyosema mimi dirishani pangu, na hao mkasi hauwatoki mkononi. Wa pande zote mbili hawajamgusa mtu mwenyewe. Nami nilikuwa na mama yangu mbele ya macho, nikitazama mabehewa.

Nilifika Ngokolo jua likiwa limeelekea magharibi. Wanaume walikuwa uani chini ya maturubai, mzee wa duka amekaa katikati yao kwenye kiti cha kuazima, ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. Waliniambia maradhi yalimla Fundi kwa miezi mingi. Niliomba kuingia kumpa pole mkewe, nikamkuta chumbani amekaa kwenye cherehani, na juu ya mashine kuna koti la kijivu la mumewe, lile alilovaa kanisani kila Jumapili. Mwili ulikuwa umepungua mno, akasema, na hakutaka azikwe koti likimpwaya, mtu aliyevisha wenzake maisha yake yote. Katika kamba zote za nyumba ile hakukuwa na hata moja ya Fundi, maana hakuna aliyewahi kumpima. Basi alikuwa amesokota mpya asubuhi ile, akampima mwenyewe.

Nilisimama nikimwangalia anavyoshona. Aligeuza koti, akakunja kwa ndani kitambaa chote kilichozidi, akakibana kwa mishono mipana. Mkasi ulikuwa pale pembeni, hakuugusa.

"Shemeji," nikamwambia taratibu, "hapo ungekata tu."

Alikata uzi kwa meno, akalikung'uta koti, akaliinua mwangani kuliangalia mabega.

"Ndivyo alivyonifundisha," akasema. "Nani ajuaye?"

Ndugu wasomaji, mnaniandikia mkiniuliza kama mambo yetu yatanyooka. Sijui. Jipimeni kwanza kwa kamba ya leo, hata kama fundo jipya linauma. Kisha kile kitakachozidi msikikate, kikunjeni ndani. Mimi kamba yangu yenye kipande cha penseli nimeichukua, na kabla sijaondoka Ngokolo nilimwomba shemeji anipime upya.