Beki Aliyetoka Uwanjani na Bukta Safi

Hapa Tukuyu mvua haituachi, kwa hiyo beki tulimpima kwa tope. Mechi ikiisha, watu walitazama bukta kwanza, mabao yakafuata. Aliyetoka mweusi kuanzia kiunoni hadi visigino alinunuliwa chai. Beki wetu wa kati, mtu wa Lufingo, alitoka na bukta nyeupe, wakawa wanamwita bwana harusi.

Mimi nilikuwa kipa nyuma yake misimu yote aliyocheza. Mwaka huu kamati ikaamua kuchora kikosi bora cha muda wote kwenye ukuta wa uwanja. Ikabaki nafasi moja ya beki. Nilisimama nikasema ni yake, wakacheka. Wao walimtaka mwenzake, yule fundi wa kuserereka, ambaye kila mtu ana hadithi yake ya namna alivyoufuata mpira hadi mstarini na kuutoa huku amelala chali.

"Haya, kipa," akasema mwenyekiti, "tutajie siku moja tu huyo wako aliyokuokoa."

Nikazipitia mechi zetu kichwani. Sikupata hata moja.

Niliondoka nimenuna. Lakini njia nzima ya kurudi Ibighi swali lilinikaa kichwani: mtu aliyenilinda miaka yote ile, mbona sina ninachokumbuka? Na alibakije safi kwenye uwanja ambao hata mwamuzi alikuwa akianguka?

Kesho yake nikapanda Lufingo. Nilimkuta shambani anachuma chai, kikapu mgongoni. Baada ya salamu nikamuuliza bila kuzunguka. Alicheka mpaka akatua kikapu chini.

"Gwe kipa, wewe ulikuwa mwoga sana!" akasema. "Mshambuliaji akianza tu kukuwazia, huko nyuma ulishaanza: 'Kyala! Kyala!' Unamwita Mungu mpira haujafika hata katikati. Mimi nikisikia hivyo narudi nyuma kidogo, nasimama pale anapotaka kupita. Akija ananikuta. Sasa nianguke chini nikatafute nini?"

Nilishikwa na aibu, na furaha pia, sijui ipi ilitangulia. Kumbe muda wote niliokuwa naomba, kulikuwa na mtu ananisikiliza.

"Na huo ukuta, unautaka?" nikamuuliza.

Aliendelea kuchuma majani. "Wajukuu wangu hawaamini kama niliwahi kucheza mpira," akasema. "Wanasema babu anajisifu."

Nikarudi kwenye kamati nikawaeleza yote, na woga wangu humo humo. Nilitegemea kicheko. Badala yake wakaanza kutazamana.

"Zile kelele tulizisikia wote," mwenyekiti akasema taratibu. "Mpaka kanisani tulikuwa tunakutania. Na kweli, ukishapiga kelele hivyo, hakuna kilichokuwa kinatokea."

"Sisi tulidhani Mungu anakujibu," akasema mweka hazina.

Hakuna aliyebisha tena.

Siku ya kuchora nilikwenda mapema. Mchoraji alikuwa amemaliza uso wa beki wetu, nao ulifanana naye vizuri, hata lile sikio la kushoto lililochomoza. Akachovya brashi kwenye rangi ya udongo, aipake bukta kama alivyozipaka za wenzake. Mwenyekiti alimwahi, akamshika mkono.

"Ya huyo iache nyeupe," akasema.