Shamba Lisilo na Mti

Ni asubuhi ya Agosti, na mvua ya usiku bado inadondoka kutoka kwenye makuti ya kibanda. Leiwia Manaroto amepiga magoti mbele ya chanja, anageuza mbegu zake za viazi vikuu moja baada ya nyingine. Kila anayoishika imeshaanza kuchipua. Chipukizi jeupe lenye ncha ya zambarau linajipinda hewani likitafuta udongo.

"Laleni," anaziambia. "Laleni tena kidogo. Mnaamka mwende wapi?"

Ng'ambo ya uzio katapila linanguruma. Limeshamaliza shamba la jirani, na sasa dereva analipasha moto huku akinywa chai.

Leiwia ana miaka sitini na miwili. Zaidi ya nusu ya umri huo ameutumia kwenye kipande hiki cha ardhi nyuma ya kijiji cha Erapo, mashariki ya Port Vila, mji mkuu wa nchi yetu ya visiwa. Hapa ndipo zilipotoka mboga, magimbi na viazi vikuu alivyouza sokoni, na hapa ndipo ilipotoka ada ya watoto watatu. Mwisho wa mwezi anatakiwa awe ameondoka. Kiazi kikuu kisipopandwa msimu huu mbegu yake huoza, na Leiwia hana hata sehemu ya kuchimba shimo moja.

Sisi tuliokulia upande huu wa kisiwa cha Efate tunakumbuka njia ilivyokuwa. Ukitoka mjini kwa lori uliona minazi, yakaja malisho ya ng'ombe, kisha bustani za watu, kisha msitu. Siku hizi unaona ukuta. Ukuta ukiisha unaanza ukuta mwingine, halafu bango lenye picha ya bwawa la kuogelea na mzungu anayecheka.

Barabara ilipotiwa lami, bei ya ardhi ilifura kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Kipande ambacho babu zetu wangekupa kwa nguruwe mmoja na mikeka, tena wakakusindikiza na chakula, bango linakitangaza kwa vatu milioni tisa. Fungu la mboga la Leiwia ni vatu mia moja. Piga hesabu mwenyewe, mimi nimeshindwa.

Mashamba hayakufa siku moja. Yalisukumwa. Akina mama waliolima kando ya barabara walipandishwa mlimani penye mawe, na waliokuwa mlimani wakajibana. Ardhi iliyozoea kupumzishwa miaka saba sasa haipumzishwi hata miwili.

"Zamani kiazi kimoja nilikibeba begani kama mtoto," anasema Leiwia. "Wa huko juu wanachimba vitu kama ngumi. Ukimpikia mkweo kile, atadhani unamtukana."

Leiwia na marehemu mumewe, Kalo, si watu wa Efate. Walitoka kisiwa cha Tongoa, Kalo akifuata kazi ya kukausha nazi katika shamba kubwa lililokuwa hapa. Shamba lile lilipofungwa, mzee mmoja wa Erapo aliyeitwa Kaltabang aliwaonea huruma. Kalo alimpelekea nguruwe, mikeka na kava ya kunywa, na mzee akamwonyesha mipaka kwa kidole.

Kisha akampa sharti ambalo kila mtu wa visiwa hivi analijua bila kuambiwa. Mgeni hulima, lakini hapandi mti. Panda kiazi, panda mboga, panda kila kinachovunwa kikaisha. Usipande mnazi wala mshelisheli, kwa sababu mti utabaki hapo baada yako, na wajukuu wako watakuja kuuelekezea kidole wakisema, "Huu ni wa babu, na chini yake ni petu."

Kalo alilishika sharti hilo kuliko wengine walivyoshika amri za kanisa. Walipozaliwa watoto wake, hakuthubutu kuzika vitovu vyao hapa na kupanda mti juu yake kama ilivyo desturi. Vitovu vyote vitatu vilisafiri kwa meli hadi Tongoa, ndani ya kopo la maziwa ya unga.

"Nilimwambia, baba Leisavi, kitovu tu, nani atakuona?" Leiwia anakumbuka. "Akanijibu, 'Mimi nitajiona.' Basi huyo ndiye mwanamume niliyeolewa naye. Ukitaka kugombana naye, unagombana na ukuta wa kanisa."

Mwaka mmoja mshelisheli ulichipua wenyewe katikati ya shamba. Haukupandwa na mtu. Mzizi wa mti wa mzee Kaltabang ulitambaa chini ya mpaka ukatokeza huku, na kabla hawajaangalia vizuri ulikuwa umefika kiunoni. Kalo aliung'oa kwa mikono yake. Akauweka begani, akakatiza nao kijiji kizima mchana kweupe hadi nyumbani kwa mzee, akaulaza mlangoni.

Jioni ile, mbele ya wanaume waliokuwa wakinywa kava, mzee Kaltabang alisema, "Huyu si mgeni tena." Leiwia anayarudia maneno hayo polepole. Kwa miaka mingi aliyategemea jinsi mtu mwingine anavyotegemea hati yenye muhuri.

Kalo na mzee Kaltabang wote sasa ni marehemu. Ardhi ilibaki mikononi mwa Kalmari, mtoto wa mzee, pamoja na binamu zake. Mwezi wa pili mwaka huu walitia saini kuikodisha kwa kampuni ya kuuza viwanja, kwa miaka sabini na mitano. Leiwia hakuambiwa.

Mwezi wa nne, kama kila mwaka, alichimba viazi vya kwanza, akavifunga kwa majani na kumpelekea mwenye ardhi kabla yeye mwenyewe hajaonja. Kalmari alivipokea kwa mikono miwili. Akashukuru, akamuulizia hali ya magoti, akamsindikiza hadi njiani.

Tulimkuta Kalmari kwenye baraza ya nyumba yake mpya, ambayo bado haijapakwa rangi. Hakutukimbia. Ni mtu mpole, na upole wake ndio unaoudhi.

"Ningekataa, binamu zangu wangesaini peke yao, na jina la baba yangu lingebaki nje," alisema. "Mjukuu wangu akizaliwa leo atakuwa kikongwe siku ardhi hii ikirudi. Unadhani silijui hilo?"

Na siku ile ya viazi? Kwa nini hakumwambia?

"Ningemwambiaje, na kiazi chake kiko mkononi mwangu?"

Mthamini alikuja mwezi wa sita na kofia pana na utepe wa kupimia. Kampuni ilikuwa imekubali kuwafidia waliokuwa wakilima, ila fidia ilitolewa kwa kilichosimama, yaani nyumba na miti ya kudumu. Mazao ya msimu mtu anavuna aende nayo. Alilizunguka shamba la Leiwia mara mbili, akidhani hajaona vizuri.

"Mama, miti iko wapi?"

"Haipo, mwanangu."

"Hata mnazi mmoja?"

"Hata mmoja. Tuliazimwa hapa. Tungepandaje?"

"Miaka yote hiyo hamkupanda kitu?"

Leiwia anasema hapo ndipo alipokasirika kwa mara ya kwanza. Alimshika mthamini mkono akamwonyesha matuta, mafito yaliyosimama kwa mistari na udongo mweusi alioulisha majani mpaka ukawa laini kama unga. "Nikamwambia, hiki unachokikanyaga ni nini? Akasogeza mguu, akasema pole. Lakini kwenye karatasi yake hakuandika."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Leiwia na Kalo walisikia la mkuu, wakalitii mpaka likawa sehemu ya mwili wao, na guu limevunjika vilevile. Nimekaa na sentensi hiyo wiki nzima nikitafuta pa kuipoza, sijapaona.

Jirani yake, Masing, mtu wa kisiwa cha Malakula, hakuwa na utii huo. Naye aliazimwa ardhi kwa sharti lilelile. Lakini ukingoni mwa shamba lake kulikuwa na minazi ishirini iliyokuwa ikizaa, na mthamini aliihesabu yote. Masing amenunua pikapu kuukuu. Ndiyo inayombeba Leiwia kwenda sokoni siku hizi.

"Mimi sikupanda, jamani," Masing anatuambia huku akigonga usukani. "Nilikuwa nimebeba nazi, zikanidondoka. Zikaota zenyewe."

"Zikadondoka kwa mstari ulionyooka," anasema Leiwia.

"Ndiyo nazi za Malakula hizo, dada. Zina adabu."

"Na wewe ungezifuata adabu zako."

"Adabu unayo wewe. Ipike basi, tule."

Leiwia anacheka mpaka anajishika mbavu. Masing naye anacheka, kisha anaacha, anajifuta uso kwa fulana. Anamsubiri Leiwia apande nyuma na vikapu vyake, kisha anatusogelea.

"Nimemtania tu," anasema kwa sauti ya chini. "Lakini nikipita na gari hili mbele ya kaburi la Kalo, huwa nageuza uso."

Tulimuuliza Kalmari kama kuna lolote angeweza kumfanyia mama huyu. Alijibu kwa haraka, na nadhani alikuwa ameshajiuliza mwenyewe mara nyingi. "Kama wangekuwa wamepanda hata mnazi mmoja, ningekuwa na pa kuanzia. Ningewaambia binamu zangu, tazameni, baba aliwaruhusu. Lakini hakuna kitu pale. Nitaonyesha nini?"

Leiwia amebisha hodi sehemu nyingi. Kanisa lina eneo, lakini limeshagawanywa. Kijiji cha juu kina ukoo unaokubali kuazima, ila siku hizi wanataka kodi ya mwaka mzima mkononi, na mwaka unaofuata hawauahidi. Binti yake Leisavi amempa nafasi katika chumba anachopanga nje ya mji, na mwenye nyumba amesakafia ua wote kwa saruji ili kusiwe na matope.

Alimpigia simu shemeji yake Tongoa. Huko nako watoto wamekua, na kila tuta lina mtu.

"Leta mbegu, shemeji," alimjibu. "Mbegu nitazipanda. Watu usilete."

Basi nusu ya mbegu zimeshaondoka kwa meli, katika vikapu alivyovisuka mwenyewe, zikirudi kisiwa alikozitoa mama mkwe wake. Katika nusu iliyobaki, nyingine zimeanza kunyauka. Nyingine amezikuna na kupika laplap, akaifunga kwa majani ya mgomba na kuimwagia tui la nazi kama kawaida.

"Sijawahi kula mbegu maisha yangu yote," anasema. "Hata mwaka wa kimbunga tulikula ndizi mbichi, mbegu tukaziacha. Juzi niliikata laplap ile, wajukuu wakashangilia, wakaniuliza ni sikukuu gani. Nikatoka nje."

Halii anapoyasema haya. Anafagia chanja kwa kiganja, mahali ambapo hamna cha kufagia.

Tulirudi kwake Ijumaa, siku ya mwisho kabla katapila halijavuka uzio. Mafito yalikuwa yameng'olewa na kufungwa mafungu, kibanda kimebomolewa, makuti yamepangwa vizuri kando kana kwamba kuna mtu atakayeyahitaji. Mshelisheli wa mzee Kaltabang pale mpakani ulikuwa umepigwa alama ya rangi nyekundu. Nao utakatwa.

Leiwia alikuwa katikati ya shamba, magotini, akichimba kwa fimbo yake yenye ncha. Pembeni yake palikuwa na mche uliotolewa kwenye mzizi wa mshelisheli ule, majani mawili, umefungwa pamoja na udongo wake ndani ya kitambaa cha maua.

Tulimuuliza ana mpango gani. Alisema Jumatatu ataamkia kwa Leisavi, na sokoni atakaa palepale pake, akiuza mboga za kununua kwa watu wa mlimani. Faida itakuwa ndogo sana. Akauteremsha mche shimoni, akarudishia udongo, akaushindilia kwa ngumi pande zote.

"Mama, Jumatatu si watapita hapa hapa na katapila?"

"Najua."

Aliumwagia maji kutoka kwenye chupa ya plastiki, akayaacha yanywewe, akaumwagia tena.

"Ule wa kwanza aliung'oa Kalo kwa mikono yake," alisema. "Huu waung'oe wao."