Mama Mihuri na Orodha ya Akiba

Wanafunzi walimbandika jina la Mama Mihuri mwaka wake wa tatu kazini, likamganda mpaka wakubwa wa chuo wakalisahau lile la kwenye mkataba. Alikuwa karani wa ofisi ya udahili, dirisha namba mbili, pale ambapo kila aliyechaguliwa kuingia chuo kikuu hulazimika kupita na vyeti vyake halisi, picha nne na risiti ya kujisajili. Mihuri yake ilikuwa minne, imepangwa juu ya kitambaa cheupe, na ole wako uiguse. Kwa miaka kumi na tisa aliigonga kwenye barua za watoto wa watu. Wengine walirudi na udaktari wao wakampita koridoni bila salamu, naye jioni akawasimulia nyumbani utadhani amewazaa yeye.

Alikuwa mtu wa haki. Hilo hata waliomchukia walimkubalia. Hakula rushwa hata ya soda. Lakini tusidanganyane, kijicho alikuwa nacho, na si kidogo. Mwenzake wa dirisha namba moja, mzee mmoja waliyemwita Babu Faili, alipopata habari kwamba mwanawe amelipiwa masomo ya juu, Mama Mihuri alimpongeza kwa sauti ya kusikika hadi getini, kisha akaumwa kichwa siku mbili. Kila mwaka ulipofika msimu wa majina kutoka, aliwatazama wazazi wanaolia kwa furaha mbele ya dirisha lake, akajiambia: zamu yangu ipo.

Na mwaka huu zamu ilikuwa imefika, au ilielekea kufika. Binti yake, mtoto wake wa pekee, aliomba kusomea famasia. Nafasi zinazolipiwa na serikali zilikuwa arobaini tu. Walioachwa waliweza kuingia kwa kujilipia, ada mara tatu, na Mama Mihuri alikuwa amekwisha kupiga hesabu hiyo nyuma ya bahasha: ada ya mwaka mmoja ingemeza mshahara wake wa miezi kumi na moja, na mwezi wa kumi na mbili wangekula nini, mihuri? Kwa hiyo ilikuwa arobaini zile au basi.

Orodha ilipotoka, aliiona kabla ya chuo kizima, kwa sababu yeye ndiye aliyeichapa. Akapitisha kidole kutoka juu. Binti yake hakuwamo. Alikuwa ukurasa wa pili, orodha ya akiba, namba moja. Maana yake, mmoja tu kati ya wale arobaini asipojitokeza, nafasi inamwangukia yeye. Mama Mihuri akarudi ukurasa wa kwanza kuona ni nani hao waliompita mwanawe. Kufika namba thelathini na nane, kidole kikagoma.

Alikuwa ni mtoto wa mdogo wake.

Hapo inabidi tueleze kidogo. Mdogo wake huyo, baba mmoja mama mmoja, aliishi mbali, kule ambako basi hufika mara mbili kwa wiki likijisikia. Aliacha shule darasa la sita, akaolewa na fundi seremala, akazaa, akanenepa, na alicheka kwa kila kitu. Mama Mihuri alimpenda. Kila mwisho wa mwaka alimtumia mfuko wa nguo alizoziacha binti yake, viatu vilivyombana, vitabu vilivyojazwa majibu kwa penseli. Alipenda kutoa, na alipenda zaidi kushukuriwa. Sasa mtoto aliyevaa sketi za mwanawe, aliyefuta majibu ya mwanawe kwenye vitabu ili ajibu upya mwenyewe, amempita kwa alama mbili. Roho ilimuuma Mama Mihuri, ikamuuma kwelikweli, mpaka akainuka kwenda kunywa maji ambayo hakuwa na kiu nayo.

Na jambo lilikuwa baya zaidi ya hapo. Wakati wa kujaza fomu, mdogo wake alimpigia.

"Dada, huku kwetu mtandao ni wa kubahatisha. Tuandike namba yako? Wewe si uko hapo hapo chuoni?"

"Andikeni tu," alisema Mama Mihuri, bila hata kufikiri, kwa sababu hakuamini kama mtoto yule angefika popote.

Kwa hiyo ujumbe wa chuo uliingia kwenye simu yake yeye. Juu yake palikuwa na jina la mtoto na tarehe ya mwisho: *Hongera, umechaguliwa. Fika kuthibitisha kabla ya tarehe iliyotajwa.* Alikuwa anaosha vyombo. Akakausha mikono, akausoma mara mbili, akaiweka simu kifudifudi juu ya friji. Nitawaambia kesho, akasema. Kesho ikaja na kesho yake, mpaka wiki mbili zikakatika. Hakuufuta ujumbe. Kufuta ni kosa. Kunyamaza, alijiambia, ni kusahau tu, na nani asiyesahau?

Wiki ya mwisho, Jumatatu, mkuu wa udahili alimletea majina ya ambao hawajathibitisha. Walikuwa tisa, wa kozi mbalimbali, na wa famasia alikuwa mmoja. Utaratibu wa ofisi ulikuwa wa zamani na haukuwa na mjadala: mtu anapigiwa kutoka simu ya mezani siku tatu tofauti, kila siku karani anaweka alama ya vema mbele ya jina. Vema tatu zikitimia na simu haijapokelewa, Ijumaa saa kumi alasiri nafasi inakwenda kwa namba moja wa akiba. Kila mwaka walipotea hivyo kama ishirini, na wengi walikuwa watoto wa mbali: namba imebadilika, simu imeuzwa, betri imekufa. Mama Mihuri alilijua hilo kuliko yeyote, maana jedwali alilitengeneza yeye. Kwenye vikao ndiye aliyewatetea. "Hawa watoto si wazembe, wakuu," alizoea kusema. "Ni simu tu."

Angeweza kuweka vema bila kupiga. Nani angejua? Lakini miaka kumi na tisa hakuwahi kuandika uongo kwenye karatasi ya chuo, na hakutaka kuanza leo. Akawapigia wanane wa kwanza. Watano wakapokea. Kisha akanyanyua mkonga wa simu ya mezani tena, akabonyeza tarakimu za namba yake mwenyewe, moja baada ya nyingine, huku ametazama ukutani.

Mkoba wake ulio chini ya meza ukaanza kulia.

"Mama Mihuri, simu yako hiyo," alisema Babu Faili.

"Achana nayo. Ni hawa wa matangazo."

Simu ikalia, ikalia, ikachoka. Akaweka mkonga chini, akachukua kalamu, akaandika vema moja, safi, isiyotetemeka.

Jioni, binti yake alimpokea mkoba mlangoni. "Kazini kuna jipya, mama?"

"Hakuna. Ninyi wa akiba mnasubiri Ijumaa." Akamwangalia mwanawe anavyokonda kwa kungoja, akazidi kujipa haki.

Jumanne alipiga tena. Safari hii aliizima sauti ya simu mapema, mkoba ukawa unanguruma tu kama paka. Vema ya pili. Wino haujakauka, mkuu akaja na jedwali lake la takwimu, amefurahi, miwani juu ya kichwa.

"Mama, umeona namba thelathini na nane? Binti, wilaya ya mbali, wazazi hawakufika sekondari, wa kwanza kwao kuingia chuo. Famasia haijapata mtu wa kule miaka sita! Huyu lazima awemo kwenye ripoti. Amepatikana?"

"Nimepiga mara mbili, mkuu. Haipokelewi."

"Endelea kujaribu, tafadhali."

Kila neno alilomjibu mkuu lilikuwa kweli, na ndilo lililomchoma. Mkuu alipoondoka, alilitazama lile jedwali. Palikuwa na safu ya jinsia, ya wilaya, ya elimu ya mzazi, ya anayelipiwa na anayejilipia. Akamtafuta mwanawe humo: binti wa mjini, mzazi ana sekondari, ana ajira. Kama yeye wako mia tano, wala hakuna ambaye angemwita mkuu kuja kumshangaa. Hakuna safu ya mtoto wa karani. Hakuna safu ya mama aliyegonga mihuri miaka kumi na tisa kwenye furaha za wengine. Yule wa fundi seremala hata umaskini wao unampamba, akawaza, na alipojisikia akiwaza hivyo aliona aibu, lakini wivu haukutoka. Ulikaa pale pale, umekunja miguu.

Jioni ile binti akauliza tena kama kazini kuna jipya. Jumatano asubuhi vema ya tatu ikaandikwa, na jioni swali likaulizwa tena.

"Mwanangu, mbona unanihoji kama polisi? Hakuna jipya. Vumilia, siku mbili tu." Kisha akatabasamu, akamshika shavu. "Nina hakika mambo yatakaa sawa."

Binti alichukua kandambili zake akatoka, akasema anakwenda dukani.

Ijumaa Mama Mihuri alivaa gauni la kijani, lile la mahafali ya watu. Mpaka saa tano alikuwa ameshaandaa fomu ya kuhamisha nafasi, amejaza kila kitu isipokuwa tarehe. Alikuwa amekwisha hata kulipanga neno la kumwambia mdogo wake: jamani, mambo ya mtandao, mwakani atajaribu tena, nitamtumia vitabu. Saa sita kasoro, foleni ya dirishani ikaguna na kupisha, na kicheko kimoja alichokijua tangu utotoni kikajaa ofisi nzima.

"Dada! Dada yangu wee!"

Mdogo wake alikuwa amesimama pale, vumbi mpaka kwenye nyusi, amempitisha mkono bintiye kiunoni kana kwamba angeibiwa. Mtoto alikuwa amekumbatia bahasha ya vyeti kifuani.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba," alisema Mama Mihuri. Midomo ilijisemea yenyewe.

"Dada, Mungu akuzidishie!" Mdogo wake hakujua kusema kwa sauti ndogo. "Binti yako alitupigia juzi jioni kwenye simu ya fundi. Akasema, mama kazi zimemlemea, kanituma niwaambie mje haraka, mwisho Ijumaa. Tumepanda lori la mbao, tumelala stendi, lakini tumefika!" Akawageukia walio kwenye foleni, watu asiowajua hata mmoja. "Huyu ni dada yangu wa tumbo moja. Ndiye aliyemfikisha mtoto wangu hapa. Kamvisha, kamsomesha, kamwita!"

Foleni ikapiga makofi. Babu Faili naye akapiga makofi. Mama Mihuri akasukuma ile fomu ya kuhamisha nafasi chini ya kitambaa cha mihuri, akapokea vyeti. Vilikuwa halisi, vyote, na alama zile mbili zilikuwepo. Akahesabu picha nne. Akagonga muhuri wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Mkuu alitoka ofisini kwake kumpa mtoto mkono, akasema, "Mama Mihuri, na wewe ulisema haipokelewi!"

"Imepokelewa, mkuu," alisema.

Msidhani wivu uliisha hapo, kama visa vingine vinavyopenda kumalizika. Alimtazama yule mtoto anavyoikunja barua yake kwa uangalifu, na bado alitamani vidole vile viwe vya mwingine. Ila sasa wivu ulikuwa umechanganyika na hofu, maana palikuwa na mtu nyumbani anayejua kila kitu, na jioni lazima arudi, tena na wageni wake.

Jioni hiyo sebule ilijaa kicheko cha mdogo wake, akisimulia lori la mbao kwa mara ya tatu. Binti wa Mama Mihuri alikuwa jikoni, anamimina chai kwenye vikombe. Mama akaingia, akarudishia mlango.

"Umewaambia mimi nimekutuma."

"Ndiyo, mama."

"Umejua lini?"

"Jumatatu asubuhi, ulipokuwa unaoga. Nilichukua simu yako niangalie saa, ujumbe ulikuwa wazi." Hakuinua macho. "Nikaona jina lake na tarehe ya mwisho."

"Kwa hiyo ulijua kwamba asipofika..."

"Nilijua. Na niliitaka hiyo nafasi, mama. Usifikiri sikuitaka. Nimelala siku tatu naiwaza."

Mama Mihuri akashika ukingo wa sinki. "Sasa kama ulijua Jumatatu, kwa nini usiwapigie Jumatatu hiyo hiyo? Kwa nini uniache mpaka..."

"Nilikuwa nakusubiri wewe," alisema binti. "Jumatatu ukaniambia hakuna jipya, nikasema labda kesho. Jumanne nikasema labda kesho. Jumatano ukanishika shavu ukacheka, ndipo nikajua hutasema."

Kisha akanyanyua sinia la vikombe, akausukuma mlango kwa kiwiko, akawapelekea wageni chai.