Shilingi Iliponona

Dada yangu mkubwa aliolewa Jinja, na binti yake huchezea timu ya huko mpira wa magongo. Kila timu hiyo inapokuja Kisumu, dada huvuka mpaka na mashabiki wenzake, hulala kwangu Nyalenda, nami humkaangia samaki aina ya ngege wa ufuo wa Dunga. Mwaka mzima tunaonana hapo tu.

Ndiyo maana mimi hufuatilia bei ya shilingi yetu ya Kenya kuliko waziri wa fedha. Ilipoanguka, majirani walilia unga umepanda, nami nililia nao, lakini moyoni, Mungu anisamehe, nilifurahi. Kufa kufaana. Pesa za Uganda zilipata nguvu huku kwetu, na mashabiki wao wakajaa upande wa pili wa uwanja wakipiga madumu matupu. Binti akifunga bao hukimbilia uzio, na mama yake humfuta uso kwa leso.

Kisha shilingi yetu ikapanda. Redioni watu walipongezana. Dada akanipigia simu.

"Nyamera, mdogo wangu, shilingi yenu imenona sana. Nikibadilisha pesa hapo mpakani Busia, nabaki na nauli ya kwenda tu. Mwaka huu siji."

Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Shilingi haina uso.

Siku ya mechi, upande wa wageni ulikuwa mtupu. Wasichana wenyewe walikuja, maana nauli yao hulipwa na klabu, lakini hakukuwa na hata dumu moja. Nilikaa na majirani zangu nikijifanya natazama. Roho ikakataa. Nikachukua dumu langu la maji, nikavuka.

"Aii, Mama! Umehamia Uganda leo?" jirani mmoja akapaza sauti, na wote wakacheka.

"Shilingi ndiyo imenihamisha!" nikawajibu, nikaanza kulipiga.

Kipindi cha pili binti alifunga. Akakimbilia uzio kwa mazoea, kisha akasimama ghafla, kwani alikuwa amesahau kwamba mama yake hakuja. Nikafungua leso kiunoni, nikanyoosha mkono juu ya uzio, nikamfuta jasho. Refa alikuwa akipuliza filimbi kumwita arudi.

Hakuondoka. Alifumba macho, akaniachia uso wake.

"Mama mdogo, futa tena," akasema. "Mama hufuta mara mbili."